Kapteni Aliyetua Mara Tatu

Isiukhu Air ni shirika la ndege lisilo na ndege. Halina uwanja, halina tikiti, halina hata kiti kimoja cha abiria kilichochanika. Lina watu wazima waliojifungia vyumbani mwao Kakamega, Butere na Lugari, kila mmoja na kompyuta yake, wakirusha ndege za kwenye skrini na kuitana kapteni. Na lina mkuu wake, Hezekiah, ambaye mchana ni karani wa serikali na jioni ni Kapteni Mkuu. Kama unataka kucheka mpaka mbavu zikuume, mtazame Hezekiah akienda kazini. Anaoga. Anavaa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, kazi ya fundi mmoja wa Khayega. Anamuaga mke wake, anaingia chumba cha kulala, anafunga mlango, kisha huyo, Mombasa!

Mideva alimdharau mtu huyo kwa moyo wake wote, na dharau yake ilikuwa ya kumtosha Hezekiah na kubaki ya kugawia wengine.

Mideva ni mwanamke anayeuza dawa katika duka moja mjini, na anakaa na mama yake mtaa wa Amalemba, mtaa mmoja na Hezekiah. Tangu utotoni alitaka urubani, urubani wenyewe, wa ndege yenye mafuta na kelele. Ulipofika wakati wa kupimwa, daktari wa macho akamfungulia kitabu chenye madoadoa ya rangi, akamuuliza anaona namba gani. Hakuona namba yoyote. Macho yake hayatenganishi nyekundu na kijani, na mambo yakaishia hapo hapo, kwenye kiti cha daktari. Kwa hiyo masaa aliyoruka na Isiukhu Air, jioni baada ya jioni kwa miaka, ndiyo urubani wote atakaoupata duniani. Alijua hivyo vizuri sana. Wenzake wakiruka walikuwa wanacheka na kutafuna njugu. Yeye alikuwa anaruka.

Sasa masaa hayo yalitaka kufutwa.

Kisa kilikuwa hiki. Simuleta ya ndege, ile programu ya kuigiza urubani, ina huruma ambayo ndege ya kweli haina. Ukiwa angani unaweza kuisevu safari, yaani kuihifadhi ilipofikia, ukazima kompyuta, ukaenda kusonga ugali, ukarudi kesho ukaifungua. Utaikuta ndege iko palepale ulipoiacha, mafuta yaleyale, wingu lilelile. Hezekiah alikuwa ametunga sheria kali kuhusu jambo hilo, na akaipenda sheria yake kama mtoto wa kwanza. Safari iliyofunguliwa upya si safari, alisema. Ukirudia kosa, masaa yako yote yanafutwa na unaanza na sifuri. "Angani hakuna kurudi nyuma, makapteni!" alikuwa anapenda kunguruma kwenye maiki, yeye ambaye maishani amepanda ndege mara moja, tena akatapika.

Lakini Kakamega mvua hunyesha, na mvua ikinyesha stima inaenda, umeme unakatika mtaa mzima. Mideva alikuwa amepotelewa na stima akiwa juu ya Voi, na akapotelewa tena akiwa anakaribia Malindi. Mara zote mbili stima iliporudi aliifungua safari yake, ambayo programu huisevu yenyewe kila baada ya dakika chache, na kuimaliza. Angefanya nini? Awaache abiria wake wa kubuni wakining'inia hewani mpaka Krismasi? Programu ya shirika ilituma ripoti, ripoti ikamfikia Hezekiah, na Hezekiah akaandika tangazo lenye maneno makubwa makubwa: kesi ya Mideva itapigiwa kura na marubani wote, mara baada ya safari ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwa shirika.

Mshenzi. Maana Mideva alikuwa na jambo lake moyoni kuhusu huyo mtunga sheria. Programu hupima kila ndege inavyogusa ardhi, kisha hutoa alama, na alama za Hezekiah zilikuwa hazishuki. Kila siku anatua kama mtu anayekaa juu ya godoro. Upepo uvume, mvua inyeshe, yeye ni godoro tu. Hakuna binadamu anayetua hivyo kila siku. Mideva aliamini kwamba mzee huyo anasevu safari akikaribia uwanja, anatua, na akitua vibaya anaifungua tena na kujaribu upya, mpaka apate ile ya kujipiga kifua nayo. Ripoti zingemuumbua, naam, lakini ripoti zinamfikia nani? Yeye mwenyewe.

Kwamba wenzake wangemtetea, Mideva hakulifikiria hata kidogo. Nani amtetee? Eugene wa Butere, mwalimu wa shule ya msingi anayekaa kwenye mnara wa kubuni akiongoza ndege za kubuni, ambaye akiulizwa swali lolote anasema "ngoja kwanza tuone"? Ama Kiptoo wa Lugari, mkulima wa mahindi, anayeomba dua ndefu redioni kabla ya kupaa huku ng'ombe wakilia nyuma yake? Kiptoo alikuwa anatua vibaya kiasi kwamba Mideva alimwambia siku moja, mbele ya watu wote, kwamba arudi kwenye trekta. Kiptoo alicheka. Mtu gani anatukanwa hivyo halafu anacheka? Kondoo, Mideva alisema moyoni. Hezekiah akikohoa, wao wanapiga chafya.

Jumamosi ya maadhimisho ikafika. Safari ilikuwa ya Mombasa hadi Kisumu, ndege zikifuatana, kila rubani akiwaona wenzake kwenye skrini na kuwasikia masikioni. Hezekiah aliongoza. Nyuma yake Mideva, nyuma ya Mideva Kiptoo, kisha wengine mkia mrefu. Kompyuta ya Mideva iko sebuleni, kwa hiyo aliruka huku mama yake, Mama Roda, akipiga pasi nyuma yake, akimwomba asogeze kiti. Spika zilikuwa wazi kwa sababu masikio yalikuwa yanamuuma akivaa zile za kichwani.

Njia nzima Hezekiah alihubiri. Alieleza nidhamu. Alieleza heshima ya shati. Walipopita juu ya Nakuru alikumbusha kwamba jioni hiyo kuna kesi, na kwamba yeye binafsi hana chuki na mtu.

"Naam, Kapteni Mkuu," Eugene alisema.

"Amina," Kiptoo alisema.

Mideva aliuma meno, akatazama mbele.

Kisumu palikuwa na upepo wa ubavuni, ule wa kutoka ziwani unaoisukuma ndege kama mtu mlevi anayekuegemea barabarani. Eugene alitoa ruhusa. "Kapteni Mkuu, uwanja ni wako. Upepo unatoka kulia, una nguvu kidogo."

"Mwanangu, upepo nimeuzoea," Hezekiah alijibu.

Na kila mtu akatulia kutazama, kwa sababu huyu ndiye wa godoro. Ndege yake ilishuka ikiyumba. Ikayumba zaidi. Ikaupiga uwanja kwa tumbo, ikaruka juu, ikaanguka tena kwa gurudumu moja, ikageuka ikaelekea kwenye nyasi. Wee! Kwenye spika mtu alisema "Yesu!" Halafu, kabla ndege haijafika kwenye nyasi, ikapotea. Haikulipuka, haikusimama. Ilipotea tu. Na papo hapo ikatokea tena angani, nzima, inang'aa, mbele kabisa ya pua ya Mideva, ikianza kushuka upya.

Mideva alivuta usukani kwa nguvu akapaa kushoto asiigonge. Alipoelewa alichokiona, alicheka kwa sauti, peke yake, mpaka Mama Roda akauliza kuna nini.

Mkono ulikuwa umemsaliti mzee! Alikuwa amezoea. Kila siku akiwa peke yake chumbani: sevu, tua, haribu, fungua, tua tena. Kidole kilikuwa kinajua njia kuliko kichwa. Na leo, mbele ya shirika zima, kidole kikafanya kazi yake ya kila siku bila kumuuliza mwenyewe kama anatazamwa.

"Ngoja kwanza," Eugene alisema mnarani. "Kapteni Mkuu, wewe si umeshatua?"

Hezekiah alikuwa na kazi. Alikuwa anashuka. Mara hii aliukosa uwanja wenyewe, akatua pembeni, ndege ikachimba udongo. Ikapotea. Ikatokea tena angani.

"Eugene," Kiptoo aliuliza polepole, "hiyo ni ndege ingine ama ni ileile?"

"Ni ileile."

"Haya. Mimi nilidhani ni macho."

Mara ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu sasa mzee alikuwa ameelewa kwamba wote wanamwona. Magurudumu yalivunjika. Ndege ilitambaa kwa tumbo mpaka katikati ya uwanja, ikasimama imepinda, bawa moja chini. Na hapo Hezekiah alizima kila kitu akaondoka redioni bila neno. Wengine walitua mmoja mmoja wakizunguka pale alipopotelea. Mideva naye alitua. Alitua kwa kishindo, gurudumu likapasuka, na hakujali. Alikuwa na furaha isiyo na soni. Ameisha, alijiambia. Mwizi wa alama ameisha, na kesi yangu imekufa naye!

Simu yake ikalia. Hezekiah.

"Mideva, mwanangu," sauti ilikuwa ya chini, haina kapteni ndani yake. "Uko peke yako?"

"Sema tu."

"Sikiza. Nitarudi hapo redioni sasa hivi niwaambie stima ilikuwa inapotea-potea hapa Amalemba, kompyuta ikawa inajifungua yenyewe. Mimi na wewe tuko transfoma moja. Watakuuliza. Sema ni kweli."

"Ala! Niseme uongo kwa ajili yako? Wewe?"

"Si kwa ajili yangu. Kama stima ni kisingizio changu, itakuwa kisingizio chako pia. Nitasema sheria tuilegeze, kesi yako naitupa leo leo, masaa yako yanabaki yote. Na unaibu wangu nakupa." Sauti ikawa ngumu. "Lakini ukinizamisha, mimi nitajua la kufanya. Hao watu unawajua. Nitawaomba msamaha, nitalia kidogo, watanisamehe kabla ya kesho. Halafu tutapiga kura yako."

Akakata.

Mideva alibaki ameshika simu. Angeweza kumtapikia mtu yule. Lakini ukweli ni kwamba katika yote aliyoyasema Hezekiah, hili la mwisho ndilo lililomwingia, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa analiamini siku zote. Watamsamehe! Kondoo wale! Kiptoo atamwombea dua, Eugene atasema ngoja kwanza tuone, na keshokutwa mzee atakuwa amerudi kwenye shati lake na kisu mkononi. Na nani atalipia aibu yake? Mideva. Masaa yake yatakwenda, yote, yale ya mvua na yale ya jua, na itabaki sifuri mbele ya jina lake na kitabu cha madoadoa.

Hezekiah alirudi redioni kupitia simu. Alikohoa kwanza. Kisha akaanza. Stima, ndugu zangu. Imekatika, imerudi, imekatika, imerudi. Kompyuta ikashikwa na wazimu. Yeye hakugusa kitu, mikono yake alikuwa ameiinua hivi.

Hakuna aliyejibu. Kimya hicho Mideva alikitafsiri kuwa ni woga, maana ndivyo alivyozoea kuwatafsiri.

"Kama hamniamini mimi," Hezekiah alisema, "muulizeni Mideva. Tunatumia transfoma moja."

"Ngoja kwanza tuone," Eugene alisema. Kisha, kwa sauti ambayo Mideva hakuwahi kuisikia kwake, nzito, ya mwalimu aliyeweka chaki chini: "Mideva. Wewe ndiye uko huko. Stima ilipotea?"

Mideva alitazama jina lake kwenye skrini. Aliona masaa yake. Akajiambia kwamba kudanganya watu kama hawa hata si kudanganya.

"Ni kweli," alisema. "Stima ilipotea. Hata kwangu. Mara kadhaa."

"Stima gani?"

Haikuwa sauti ya rubani. Ilikuwa ya Mama Roda, nyuma ya kiti, na ilikuwa kubwa, kwa sababu Mama Roda hajui kuongea kwa sauti ya chini hata kanisani.

"Mama, tafadhali..."

"Nauliza stima gani! Stima imepotea saa ngapi na mimi nimesimama hapa napiga pasi tangu saa nane? Hii pasi inawaka na makaa?" Aliiinua pasi juu, mvuke ukitoka, kana kwamba waliomo redioni wangeiona. "Na huyo Hezekiah unayemtetea, taa yake ya nje naiona hapa dirishani inawaka mchana kutwa, mtu wa kuharibu stima. Kwani ni nini mnadanganyana hivi, watu wazima?"

Mideva alirukia kitufe cha maiki. Alikifikia neno la mwisho likiwa limekwisha.

Kwanza walisikika ng'ombe wa Kiptoo. Kisha mtu mmoja akaanza, wa pili akafuata, na shirika zima la ndege likaangua kicheko, kutoka Butere mpaka Lugari, kicheko cha watu waliokuwa wamejizuia kwa muda mrefu. Mideva alikuwa amekitamani kicheko hicho kwa miaka. Alikuwa amekiwaza mara nyingi, jinsi kitakavyomwangukia Hezekiah siku moja. Hakuwahi kuwaza kwamba atakuwa amesimama kando yake. Masikio yalimwaka. Hezekiah alikata simu katikati ya kicheko, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia tena redioni.

Wakacheka mpaka wakachoka. Eugene akasafisha koo.

"Haya. Kesi ya Hezekiah sidhani ina mjadala. Ametoka mwenyewe. Iko ya Mideva."

"Eugene," Mideva alisema haraka, maiki imefunguliwa tena, "mnajua alinipigia simu. Alinitisha. Alisema mtamsamehe halafu mnifute mimi."

"Na wewe ukaamini?" Eugene aliuliza.

Alitaka kusema hapana. Lakini alikuwa ameamini.

Ni Kiptoo aliyeongea baadaye. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira.

"Dada Mideva, sisi tulikuwa tushamaliza hiyo maneno yako. Tangu Jumatano. Eugene ndiye aliandika, akasema mtu hawezi fukuzwa juu ya stima, watu wote wakakubali. Hata mimi. Tulikuwa tunangoja safari iishe tuambie mzee, sheria yake ikufe na masaa yako ibaki. Tuliandika kwa kundi ya WhatsApp, ile mzee hayuko."

"Sikuona."

"Ulijitoanga. Ulisema tunatuma picha mingi ya mahindi."

Ni kweli alikuwa amesema hivyo. Alikuwa amesema na mengine pia, kisha akabonyeza na kutoka, na akajisikia msafi.

"Sasa," Kiptoo aliendelea, na ilisikika kwamba maneno yanamtoka kwa shida, "kufungua safari juu ya stima, hiyo tungetetea mpaka mwisho. Lakini hii ya leo umetudanganya tukikuuliza. Eugene amekuuliza polepole, na jina yako. Mimi siwezi pigia hiyo kura ya masaa yako ibaki. Unisamehe."

Eugene aliuliza kama yuko mtu mwenye neno la kumtetea Mideva, la sivyo sheria ya mzee itatumika kama ilivyo. Alingoja. Alingoja zaidi ya ilivyohitajika, mtu mwema yule, akiwapa nafasi. Mideva naye alingoja, akiyatamka kimoyomoyo majina ya wale wote aliowahi kuwacheka, akimwomba mmoja wao, yeyote, afungue maiki.

Hakuna aliyeifungua. Kwenye skrini, mbele ya jina lake, masaa yakawa sifuri.

"Mmemaliza?" Mama Roda aliuliza akikunja gauni la mwisho. "Njoo basi unisaidie kupeleka hizi nguo chumbani."

Mideva aliinuka akazibeba.